Fafanua nini, mwalimu?

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Karibu, kaa."

Binti hakukaa. Aliiweka insha yake mezani kwangu, juu ya lundo la nyingine, akagusa kwa kidole pembeni mwa aya ya pili. Palikuwa na mwandiko wangu wa kalamu nyekundu: Fafanua. Kidole kikashuka hadi aya ya nne: Fafanua. Ukurasa wa mwisho: Fafanua zaidi! Chini kabisa, 11/20, imezungushiwa duara.

"Sijaja kuomba maksi," akasema, maana alijua hicho ndicho ninachokisubiri. "Nimekuja kuuliza tu, hapa ulitaka nifafanue nini?"

Nikaichukua karatasi nikajifanya naisoma. Sababu ya "fafanua" ya kwanza niliikumbuka. Ya tatu ningeweza kuitetea. Ile ya pili, hata leo, sijui nilikuwa nataka nini. Insha zilikuwa 214, nilizisahihisha kwa wiki mbili, nyingi usiku baada ya watoto kulala, na naijua vizuri saa ambayo mkono wangu huanza kuandika "fafanua" wenyewe, bila kunishirikisha.

Nikampa jibu. Lilikuwa refu, lenye maneno kama "kina" na "jicho la kihakiki". Akaitikia kwa adabu, akashukuru, akatoka. Nilijua hakuondoka na kitu, na nadhani naye alijua kwamba ninajua.

Mimi nafundisha fasihi ya Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania. Nilianza kusahihisha nikiwa mkufunzi msaidizi, na hakuna siku hata moja mtu alinifundisha kusahihisha. Nilikabidhiwa lundo la karatasi, kalamu nyekundu na tarehe ya mwisho. Nilichofanya ni kuandika yale niliyoandikiwa mimi nilipokuwa mwanafunzi. Sisi tuliandikiwa "fafanua", tukawaandikia na wao "fafanua".

Utaratibu wetu anayesoma hapa nchini anaufahamu. Alama 40 ni za kozi-weki, yaani kazi za ndani ya muhula, 60 ni za UE, mtihani wa mwisho. Katika zile 40, kwenye somo langu, 20 zilikuwa za jaribio na 20 za insha ya semina. Insha ilikusanywa wiki ya kumi, ikarudishwa, nikijitahidi sana, wiki ya kumi na nne, wakati kila mtu yuko kwenye madesa, zile notisi za kunakiliana, na pasti pepa, na hakuna anayetaka kusikia habari za insha. Maksi zimeshaingia kwenye mfumo. Kilichobaki kwenye karatasi ni maneno yangu mekundu.

Wiki ile ile niliyoulizwa swali, nilivuta boksi la karatasi za fotokopi lililokuwa chini ya meza yangu. Ndani yake mlikuwa na insha za miaka mitatu ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua. Nikaketi sakafuni nikaanza kusoma, safari hii nikijisoma mimi badala ya wanafunzi. Fafanua. Mfano? Hoja haijakomaa. Rejea! Na pengi neno moja tu: Lugha. Ni sawa na kwenda hospitali unaumwa, daktari akuandikie kwenye cheti: Mwili.

Nilipiga hesabu. Dakika 20 kwa insha, mara insha 214, ni zaidi ya saa 70. Saa 70 za maisha yangu zilikuwa kwenye boksi, na panya walikuwa wameshaanza kulila pembeni.

Kwa hiyo siwezi kudai kwamba mapenzi ya utafiti ndiyo yaliyonipeleka kwenye maandishi ya watafiti wa upimaji wa wanafunzi. Aibu ndiyo iliyonipeleka.

Wa kwanza kunikamata alikuwa Royce Sadler, Mwaustralia, kwa makala aliyoiandika mwaka 1989. Hoja yake ukiieleza kijiweni inaeleweka: ili mwanafunzi apande, lazima ajue kazi nzuri inafananaje, aweze kuiweka yake kando ya hiyo nzuri akaona pengo, na awe na jambo la kufanya kulipunguza pengo hilo. Yote matatu. Nikajiuliza yule binti nilimpa lipi kati ya hayo. Hajawahi kuona insha ya alama 18. Hakuwa na cha kulinganisha. Na hata angekuwa nacho, insha ilikuwa imekwisha, imefungwa, imeingia kwenye mfumo.

David Carless wa Hong Kong alinichekesha. Utafiti wake uliochapishwa mwaka 2006 uliwauliza walimu na wanafunzi wa vyuo vikuu kuhusu mrejesho ule ule, yaani maoni anayopewa mwanafunzi juu ya kazi yake. Walimu walisema maoni yao ni ya kina na yanasaidia. Wanafunzi walikuwa na habari nyingine. Nikaona kumbe wenzangu wa Hong Kong na mimi tumenyonya ziwa moja.

Lakini walionitisha ni watafiti wawili, Kluger na DeNisi. Mwaka 1996 walikusanya tafiti nyingi za miaka mingi juu ya mrejesho na kuzipima kwa pamoja. Kwa wastani mrejesho ulisaidia, sawa. Ila katika zaidi ya theluthi moja ya matukio waliyoyapima, watu walifanya vibaya zaidi baada ya kupewa mrejesho. Yaani si kwamba nilikuwa napoteza muda wangu tu. Inawezekana kuna watu niliwaharibu.

Mtu akishasoma mambo kama haya hupata kiherehere cha kurekebisha dunia kwa siku moja. Mimi nilianza kwa kukosea.

Nilikuwa nimesoma jaribio la mtafiti Ruth Butler, lililochapishwa mwaka 1988, lililofanyika kwa watoto wa shule nchini Israeli. Wengine walipewa maoni bila alama, wengine alama bila maoni, wengine vyote viwili. Waliopewa maoni peke yake ndio waliopiga hatua. Waliopewa vyote viwili hawakufika mbali kuliko wale wa alama tupu, kana kwamba alama iliyameza maoni. Nikasema, basi dawa imepatikana. Muhula uliofuata nikarudisha insha zina maoni marefu, safi, ya heshima, na hazina alama.

Haikufika jioni. Kiongozi wa darasa, CR kama wanavyomwita, alinifuata kwenye ngazi za jengo.

"Dokta, samahani. Darasani kuna maneno."

"Maneno gani?"

"Wanasema unaficha maksi kwa sababu umekamata wengi."

Kufika usiku, kwenye kundi lao la WhatsApp, wanaosubiri sapu, yaani mtihani wa marudio wa waliofeli, walikuwa wameshafika 60. Asubuhi mkuu wa idara akaniita, akafunga mlango, akaniuliza taratibu, "Mwenzangu, unatafuta nini?" Sikuwa na jibu fupi. Tukapatana: alama nitatoa baada ya wiki moja, kwa kila atakayeniletea nusu ukurasa unaoeleza amejifunza nini kwenye maoni yangu na atabadilisha nini.

Nusu kurasa zikaja. Takribani 40 kati yake zilifanana neno kwa neno, zote zikiahidi kuzingatia maoni ya mwalimu "kabsa", hivyo hivyo, bila herufi i. Mtu mmoja aliandika toba, darasa zima likaifanya desa.

Nilikasirika kwa siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kuwaelewa. Niliwauliza watabadilisha nini kwenye kitu ambacho hakibadiliki tena. Wangejibu nini? Nilikuwa nimechukua sehemu moja ya utafiti, ile yenye mvuto wa kusimulia, nikaiacha ile ya Sadler yenye kazi: mtu awe na la kufanya.

Jibu nililipata shuleni, mkoani Dodoma, wakati wa mazoezi ya kufundisha. Mimi huona fahari kidogo kwa hili, kwamba sikulipata kwenye jarida. Tuliokwenda kukagua wanafunzi wetu wa ualimu tunajua inavyokuwa: unakaa dawati la nyuma na fomu yako, Kidato cha Pili wanakugeukia wakidhani umetoka wizarani, mwanafunzi wako anatetemeka na chaki. Kipindi kikiisha mnakwenda kukaa chini ya mwarobaini, unamwambia ulichokiona.

Siku hiyo nilimwambia kijana mmoja, "Umeuliza maswali saba. Yote umejibu mwenyewe."

Akabisha. Nikamwonyesha kwenye daftari langu, swali kwa swali, sekunde ngapi alisubiri. Akanyamaza. Kesho yake nilirudi kwa kipindi kingine. Aliuliza swali, akakunja mikono, akasubiri. Darasa likawa kimya mpaka nikaanza kuona tabu mimi niliyekaa nyuma. Halafu mkono mmoja ukanyanyuka, na wa pili.

Nilirudi nyumba ya wageni nikiwaza. Huyu ni mwanafunzi yule yule ninayemwandikia "fafanua" chuoni na haendi kokote. Mwalimu ni mimi yule yule. Kilichotofautiana ni kwamba pale shuleni kesho kulikuwa na kipindi. Kule chuoni, nikishasema, hakuna kesho.

David Boud, Mwaustralia mwingine ambaye ameandika juu ya mambo haya kwa miongo kadhaa, alisema mwaka 1995 kwamba mwanafunzi anaweza, kwa taabu, kuponyoka madhara ya ufundishaji mbovu, lakini akitaka kuhitimu hawezi kuyaponyoka madhara ya upimaji mbovu. Nilikuwa nimelisoma hilo na kulipigia mstari. Chini ya mwarobaini ndipo lilipoingia.

Mwaka uliofuata niligawa upya zile alama 20. Alama 5 kwa rasimu, wiki ya sita. 15 kwa insha kamili, wiki ya kumi na mbili. Rasimu si insha nzima, ni ukurasa mmoja na nusu: utangulizi na hoja moja tu. Juu ya rasimu kila mtu aandike swali moja analotaka nimjibu. Maoni yangu yote nayaweka hapo. Kwenye insha ya mwisho naandika alama na sentensi moja, basi.

Nitarudi kwenye rasimu. Kwanza kuna siku moja ya semina ambayo ndiyo iliyonifundisha kuliko yote, na niliipanga kama jambo dogo la kujaza wiki ya tatu.

Nilichukua insha tatu za zamani, kwa ruhusa ya walioziandika, nikazichapa upya bila majina ili hata mwandiko usimtambulishe mtu. Nikawagawa watu watano watano wazisahihishe kwa alama 20, kisha kila kundi litetee alama zake. Niliwaza wataona insha bora inafananaje, tutaelewana, tutakwenda kula.

Insha ambayo mimi niliipa 16, kundi moja liliipa 7. Insha niliyoipa 9, makundi manne kati ya sita yaliipa 15 na kwenda juu.

"Hii mliyoipa 7 ina kosa gani?" nikauliza.

Dada mmoja akasimama. "Dokta, huyu ana hoja mbili tu. Halafu hana hitimisho la kufaulu na kutofaulu kwa msanii."

"Na ile nyingine?"

"Ile iko kamili. Hoja sita, kila hoja na mfano wake, utangulizi una historia ya mwandishi, na mwisho amesema msanii amefaulu kwa kiasi kikubwa kifani na kimaudhui."

Aliyesoma Kidato cha Sita nchi hii ameshatabasamu. Msanii amefaulu kwa kiasi kikubwa! Sote tuliiandika hiyo sentensi. Tuliiandika kwa sababu ilitupa alama, na tulipewa alama kwa sababu msahihishaji ana karatasi nyingi na anahesabu hoja. Vijana wale walikuwa wanasahihisha sawasawa kabisa, kwa kipimo kilichowafikisha chuo kikuu. Mimi ndiye niliyebadilisha kipimo bila kumwambia mtu.

Nikauliza swali la pili, moyo ukinienda mbio. "Mwalimu akikuandikia 'fafanua', unafanya nini?"

Wakajibu karibu kwa pamoja: "Unaongeza mfano."

Nilikuwa nimeegemea meza, nikakaa. Kwangu mimi "fafanua" maana yake nieleze kwa nini mfano huo unathibitisha unachodai. Kwao, mfano mmoja hautoshi, leta wa pili. Nikamkumbuka yule binti na kidole chake. Laiti siku ile ningemruhusu aandike upya, angeniletea mifano miwili zaidi, nami ningeandika pembeni: Fafanua.

Mjadala uliendelea mpaka walinzi wakaja kufunga ukumbi. Mmoja aliuliza, kwa hiyo ukipata msahihishaji mwingine unapata maksi nyingine? Nikawasimulia habari ya Starch na Elliott, Wamarekani waliochukua karatasi zile zile mbili za mtihani wa Kiingereza za wanafunzi wa sekondari, mwaka 1912, wakazituma kwa walimu wa shule nyingi. Karatasi moja, nakala ile ile, ilirudi na alama zilizoachana kwa zaidi ya 30 katika mia. Watu wakasema ni kwa sababu ya Kiingereza, somo lenyewe ni la maoni. Wakarudia mwaka 1913 kwa jiometria. Zikaachana zaidi. Darasa lilishangilia kama goli limefungwa. Sijui kama nilifanya busara kuwaambia hivyo kipindi cha kukata rufaa kinakaribia. Mkuu wa idara akisoma hapa anisamehe.

Rasimu zenyewe zilianza vibaya. Maswali waliyoniandikia juu ya karatasi yalikuwa ya namna ya "Je, insha yangu ni nzuri?" Nikawa najibu: "Wewe unaonaje, na kwa nini?" Wengine walichukia. Mmoja aliandika kwenye fomu ya kutathmini wahadhiri kwamba mwalimu huyu halipwi ili atuulize sisi. Nikatumia nusu saa ya semina kuonyesha maswali yaliyonisaidia mimi kusoma: "Mfano wa mstari wa tatu unathibitisha dai langu au unalirudia tu?" Hapo ndipo yalipoanza kunoga.

Muda? Dakika 6 kwa rasimu, mwaka ule walikuwa 196: karibu saa 20. Insha za mwisho dakika 10 kila moja kwa kuwa siandiki riwaya pembeni: saa 33 hivi. Jumla 53, dhidi ya zile 70 za boksi. Nawaambia wenzangu hivi kwa sababu kila nikilitaja jambo hili mtu hunijibu kwamba madarasa ni makubwa. Ni makubwa, na ndiyo maana.

Nilijaribu pia kurekodi maoni kwa sauti, dakika mbili mbili, kwa kundi moja la semina la watu 28. Baadhi walipenda sana. Lakini kijana mmoja aliniambia alihisi nimemkasirikia. Nilikuwa nimechoka tu, ilikuwa saa tano usiku. Mwingine alifungua hostelini, wenzake chumbani wakasikia yote. Carless na Boud, walipoandika pamoja mwaka 2018 juu ya uwezo wa mwanafunzi kuupokea na kuutumia mrejesho, waliweka kuzimudu hisia kuwa sehemu ya uwezo huo. Ni kweli, ila na mwenye kutoa ana lake la kumudu. Niliacha kurekodi.

Lililonikera kuliko yote lilitoka juu. Mtahini wa nje, yule anayekagua usahihishaji wetu, anakuja, nikaulizwa mbona insha za mwisho ni nyeupe, hazina maoni. "Ataona nini sasa kwamba umesahihisha?" Nilitaka kubishana, nikanyamaza, kwa sababu swali lile lilinifungulia siri niliyoishi nayo miaka yote. Zile "fafanua" hazikuwa zimeandikiwa wanafunzi. Zilikuwa risiti. Niliziandika ili mtu mzima mwenzangu akizipekua aone nyekundu ya kutosha aridhike. Niliambatanisha nakala za rasimu, mtahini akazipitia, akauliza maswali mawili, maisha yakaendelea.

Yule binti alishahitimu na sijui yuko wapi. Ningemlipa jibu lake.

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja aliandika juu ya mafumbo ya Muyaka, mshairi wa Mombasa wa zama ambazo Wamazrui, watawala wa mji huo, walikuwa wakivutana na Sayyid Said wa Oman, ambaye tungo zake nyingine zinasema na wanaojua tu. Kwenye rasimu, kando ya ubeti alioueleza nusunusu, nilimwandikia swali: picha hii inamlenga nani, na unajuaje? Kwenye insha ya mwisho aliutaja ubeti ule ule, akaeleza makisio mawili, akaonyesha kila moja linakwama wapi, akaacha. Pembeni, kwa penseli, akaniandikia: "Hapa sijafafanua makusudi, mwalimu. Yeye mwenyewe alificha."

Kalamu ilikuwa mkononi. Nilikaa nayo muda, nikausoma ubeti tena, nikageuza ukurasa.